Georg Schweinfurth: Mtaalamu wa mimea aliyelisoma jangwa kwa majani ya makaburini

Sokwe wa misitu ya Budongo na Kibale nchini Uganda, wale wa Gombe nchini Tanzania na jamaa zao wa mashariki mwa Kongo wana jina moja katika vitabu vya sayansi, nalo ni schweinfurthii. Jina hilo lilitolewa mwaka 1872 kwa heshima ya Mjerumani ambaye kazi yake hasa haikuwa wanyama bali mimea. Alipita kaskazini mwa misitu hiyo, katika nchi ambazo leo ni Sudan, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha akafanya makazi Cairo kwa miaka mingi. Huko Misri ndiko alikofanya kazi ambayo wataalamu wa mazingira ya kale wanaitegemea hadi leo: alikusanya majani, maua, mbegu na magogo ya watu na nyakati zilizokwisha kupita, akayatumia kuuliza jangwa lilikuwaje kabla halijawa jangwa.

Georg August Schweinfurth alizaliwa tarehe 29 Desemba 1836 mjini Riga, mji ambao leo ni makao makuu ya Latvia, lakini wakati huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa huko, na baba yake alifanya biashara ya mvinyo. Kijana huyo alisoma katika vyuo vikuu vya Heidelberg, Munich na Berlin, akajikita katika elimu ya mimea na ya viumbe waliogeuka mawe.

Kilichomvuta Afrika ni mzigo wa marehemu. Mwaka 1860 kijana mmoja wa ukoo wa kifalme wa Prussia, Baron Adalbert von Barnim, alikufa kwa homa kando ya Nili ya Buluu akiwa safarini pamoja na daktari Robert Hartmann. Mimea waliyoikausha ilirudishwa Berlin, na Schweinfurth akapewa kazi ya kuipanga na kuieleza. Alipokuwa akifungua karatasi zile moja baada ya nyingine, alianza kutamani kuiona nchi ilikotoka mimea hiyo. Mwaka 1863 akaondoka. Kwa takriban miaka mitatu alizunguka pwani za Bahari ya Shamu, Misri na Sudan, akirudi nyumbani mwaka 1866 na mkusanyo mkubwa wa mimea ya nchi kavu.

Bahr el-Ghazal na gharama ya elimu

Safari iliyompatia sifa ilianza miaka miwili baadaye. Mfuko wa utafiti wa Berlin wenye jina la Humboldt ulimgharimia, na mwezi Januari 1869 aliondoka Khartoum kwa mashua kuelekea kusini, akapanda Nili Nyeupe hadi katika mabwawa na matete ya Bahr el-Ghazal. Hapakuwa na serikali ya kumlinda. Waliotawala njia walikuwa wafanyabiashara wa Khartoum, waliojenga maboma ya miti yaitwayo zeriba katika nchi za Wadinka, Wajur na Wabongo, na kutoka humo wakatafuta pembe za ndovu. Pembe hazikuwa biashara yao pekee. Ng'ombe walinyang'anywa, nafaka ikachukuliwa kwa nguvu, na watu wakafungwa minyororo na kupelekwa kaskazini kuuzwa.

Schweinfurth alikaa kama mgeni katika maboma ya Ghattas, mfanyabiashara Mkopti wa Khartoum, na baadaye akasafiri chini ya ulinzi wa Mnubi mmoja, Muhammad Abu Sammat. Alikula chakula chao, alibebewa mizigo na wapagazi wao, na alipita salama kwa sababu bunduki zao zilitangulia. Aliporudi Ulaya aliandika waziwazi juu ya utumwa aliouona na akataka ukomeshwe. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba kila jani alilolikausha katika nchi ile lilibebwa na mkono ambao mara nyingi haukuwa na hiari.

Mwanzoni mwa mwaka 1870 msafara wa Abu Sammat ulipita nchi ya Wazande ukaendelea kusini. Tarehe 19 Machi 1870 Schweinfurth alifika ukingoni mwa mto mkubwa uliokuwa ukitiririka kuelekea magharibi. Ulikuwa mto Uele. Alitambua mara moja kwamba maji yale hayaendi Nili, na katika hilo alikuwa sahihi. Alipodhani kwamba yanaelekea Ziwa Chad, alikosea. Ilichukua miaka na wasafiri wengine kuthibitisha kwamba Uele ni mkono wa mto Ubangi, nao Ubangi humwaga maji yake katika mto Kongo.

Ng'ambo ya mto aliingia katika himaya ya Wamangbetu na kukaa wiki tatu kwenye makao ya mfalme Mbunza. Aliona kumbi kubwa za mbao na makuti zilizojengwa kwa ustadi, wahunzi wa shaba na chuma, na heshima ya mfalme mbele ya maelfu ya watu. Michoro yake ya vitu vya Wamangbetu bado hutazamwa na wanahistoria wa sanaa. Lakini humo humo aliandika pia habari za ulaji wa watu, ambazo wasomaji wa Ulaya walizipokea kwa shangwe mbaya, na ambazo wanahistoria wengi wa baadaye wamezitilia shaka kwa jinsi zilivyokusanywa na kukuzwa. Alinunua mafuvu ya vichwa vya watu na kuyapeleka Berlin yapimwe. Hayo nayo ni sehemu ya urithi wake.

Kisha kuna habari ya Nsewue. Huko kwa Mbunza Schweinfurth alikutana na Waakka, watu wafupi wa misituni ambao waandishi wa Ugiriki ya kale walikuwa wamewasimulia na ambao watu wengi wa Ulaya walikuwa wameshawahesabu kuwa hadithi tu. Alitaka ushahidi. Mfalme alimtamani mbwa mmoja wa mgeni wake, na katika mabadilishano hayo Schweinfurth alipata kijana wa Kiakka, jina lake Nsewue, ili amchukue hadi Ulaya. Kijana huyo alisafiri naye zaidi ya mwaka mmoja, akavuka mito, mabwawa na jangwa la kaskazini, akafika Berber kando ya Nili. Huko aliugua ugonjwa wa kuhara, akafa mwaka 1871, mbali sana na msitu wake. Bwana wake alimhuzunikia, kwa maandishi yake mwenyewe. Mwanasayansi aliyejua kwamba mmea ukitolewa katika udongo wake hunyauka hakuliona hilo mapema kwa mtoto wa mtu.

Mwezi Desemba 1870, aliporudi katika boma la Ghattas akingojea mashua za kwenda kaskazini, moto ulizuka. Nyumba zote zilikuwa za nyasi na matete, na majira yalikuwa ya ukame. Kwa muda mfupi boma zima likawa majivu. Schweinfurth aliokoka na vitu vichache. Madaftari ya safari, vipimo vya hali ya hewa, orodha za maneno ya lugha za watu, vyombo, nguo, wadudu, na mimea aliyoikusanya katika nchi ya Wazande na Wamangbetu, karibu vyote viliteketea. Mimea ya miezi ya kwanza, ambayo alikuwa ameshaitanguliza Khartoum, ndiyo iliyosalimika.

Alichofanya baada ya moto ndicho kinachoonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa tena na saa wala vyombo vya kupimia njia. Akaanza kuhesabu hatua zake. Kwa miezi iliyobaki ya safari alihesabu hatua moja moja, mchana baada ya mchana, akiandika kila fungu katika karatasi, hadi jumla ikapita milioni moja. Kutokana na hesabu hiyo alichora upya ramani ya sehemu ya nchi ambayo leo ni magharibi mwa Sudan Kusini. Alifika Khartoum Julai 1871. Kitabu chake juu ya moyo wa Afrika kilitoka miaka michache baadaye kwa Kijerumani na Kiingereza, na kikamfanya mtu mashuhuri akiwa hajatimiza miaka arobaini.

Msitu wa mawe nje ya Cairo

Kuanzia mwaka 1875 aliishi Cairo, alikoitwa na Khedive Ismail ili kuanzisha chama cha jiografia cha nchi hiyo. Wengi wangetosheka na cheo hicho. Yeye aliona kuta za ofisi kuwa finyu. Kila majira ya baridi alipakia ngamia na kuingia katika jangwa lililo kati ya Nili na Bahari ya Shamu, akaendelea hivyo hadi mwaka 1888, akichora mabonde, akiokota mawe na kukausha kila jani alilolikuta.

Karibu na Cairo penyewe kulikuwa na jambo lililowasumbua wataalamu tangu zamani. Mashariki ya mji, nyuma ya vilima vya Mokattam, ardhi imejaa magogo ya miti. Mengine yana urefu wa mita nyingi. Ukiyatazama kwa mbali utadhani mkata mbao ameondoka jana. Ukiyagonga, yanalia kama kengele, maana ni mawe matupu. Wenyeji walipaita Jebel el-Khashab, mlima wa mbao. Mtaalamu wa Austria Franz Unger alikuwa amekwisha kuipa miti hiyo jina la Nicolia, na mwaka 1882 Schweinfurth alichapisha maelezo yake juu ya msitu huo.

Namna mti unavyogeuka jiwe inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo msingi wa elimu yote hii. Gogo likifukiwa upesi kwenye mchanga na kokoto, hewa hukosekana na kuoza hupungua. Maji ya ardhini, yaliyobeba silika iliyoyeyuka, ile ile inayofanya kioo, hupenya katika vijitundu vya mbao. Silika hiyo huganda ndani ya kila chembe kabla ukuta wa chembe haujaharibika, na baada ya muda mrefu sana umbo la mti linabaki lote, mbao yenyewe ikiwa imekwisha. Mtaalamu akikata kipande chembamba kiasi cha kupitisha mwanga na kukiweka chini ya hadubini, huona mirija ya maji ya mti jinsi ilivyopangwa, na kwa mpangilio huo hujua mti ni wa ukoo gani. Pete za ukuaji nazo husema. Mti wa nchi yenye baridi kali au ukame wa kila mwaka huacha pete zilizo wazi, ilhali mti unaopata maji na joto mwaka mzima mara nyingi hauachi pete za kuhesabika.

Miti ya Jebel el-Khashab ni ya enzi iitwayo Oligosini, kati ya miaka milioni 34 na milioni 23 iliyopita. Ni miti ya nchi za joto, na jamaa zake walio hai hutafutwa leo katika misitu ya Afrika yenye mvua. Magogo yamelala, hayana matawi, hayana gome, na mizizi ni nadra. Ndiyo maana maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba hayakuota pale yalipo, bali yaliletwa na mto mkubwa uliotoka katika nchi yenye misitu na kuyatupa kwenye mchanga wake. Mahali ambapo leo mvua ya mwaka mzima haitoshi kujaza ndoo, palikuwa na mto wa kubeba misitu.

Schweinfurth alikutana na ushahidi wa aina hiyo mara nyingine, na si wa mimea tu. Mwaka 1879, kwenye kisiwa kidogo cha ziwa Qarun huko Fayum, aliokota mifupa ya nyangumi wa kale sana, ya kwanza ya aina hiyo kujulikana kutoka Misri. Ilitoka katika tabaka za zamani kuliko msitu wa mawe, wakati bahari ilipofunika kaskazini mwa Misri. Si mbali na hapo, katika bonde la Wadi al-Hitan ambalo UNESCO ililiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005, mifupa ya nyangumi imelala karibu na mizizi ya mikoko iliyogeuka mawe. Mtu aliyekulia Lamu, Tanga au Mtwara hahitaji kuelezwa mikoko huota wapi.

Mwaka 1885, katika bonde kavu la Wadi Garawi karibu na Helwan, alitambua mabaki ya ukuta mkubwa wa mawe ulioziba bonde zima. Ulikuwa ukuta wa bwawa, wenye urefu wa zaidi ya mita 100 na kimo cha takriban mita 14, uliojengwa zaidi ya miaka 2,600 kabla ya Kristo na kuvunjwa na mafuriko kabla haujakamilika. Hakuna anayejenga ukuta wa namna hiyo mahali ambapo maji hayaji kamwe. Basi mafundi wa mafarao wa kwanza walijua mafuriko ya jangwani yenye nguvu, na mkadirio wao haukutosha.

Maua ya wafalme

Kazi iliyompa nafasi ya pekee ilitokana na kugunduliwa kwa kaburi. Mwaka 1881 maofisa wa idara ya mambo ya kale walifika kwenye shimo la siri huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya Luxor, ambalo jamaa moja ya wenyeji ilikuwa imelipora kwa miaka. Ndani mlikuwa na makumi ya maiti zilizokaushwa, na miongoni mwao Ahmose wa Kwanza, Amenhotep wa Kwanza na Ramesses wa Pili. Makuhani wa kale waliwahamisha wafalme hao kutoka makaburi yao ili kuwaepusha na wezi, wakawafunga sanda upya na kuwavika mataji ya maua. Katika jeneza la Amenhotep mlikuwa na nyigu mkavu, aliyeingia pamoja na maua siku ya maziko asiweze kutoka.

Watu wote walitazama dhahabu na nyuso za wafalme. Schweinfurth aliomba mataji. Maua na majani yale yalikuwa makavu kiasi kwamba pumzi ingeyavunja. Aliyalowesha kwa maji ya moto taratibu hadi yakalegea, akayakunjua, akayatandaza juu ya karatasi na kuyakandamiza kama angefanya kwa mmea uliochumwa asubuhi ile. Rangi za baadhi ya maua zilikuwa bado zipo. Alitambua majani ya mierebi yaliyokunjwa na kushonwa kwa nyuzi za mtende, petali za yungiyungi wa buluu na wa nyeupe, maua ya mgunga, na majani ya mti ambao Wamisri wa kale waliutukuza lakini wazao wao hawakuujua tena.

Mti huo ndio uliomshughulisha sana. Waandishi wa Ugiriki waliuita persea, na waandishi wa Kiarabu wa zama za kati waliutaja kwa jina la lebakh, wakisikitika kwamba unatoweka. Schweinfurth alionyesha kwamba majani ya makaburini ni ya aina ya Mimusops inayoota katika milima ya Uhabeshi na Yemen, jamaa ya mgama wa pwani ya Afrika Mashariki. Baadaye alikwenda mwenyewe Yemen na Eritrea kuutazama ukiwa hai. Mkuyu nao una habari inayofanana. Wamisri waliupanda kwenye malango ya makaburi na kutengeneza majeneza kwa mbao zake. Lakini kule Misri matunda yake hayazai mbegu, maana nyigu mdogo anayeuchavusha katika Afrika ya mashariki hayupo huko, hivyo kila mkuyu wa Misri umetokana na tawi lililochomekwa ardhini na mkono wa mtu. Schweinfurth aliamini kwamba miti hii mitakatifu ililetwa Misri kutoka kusini mwa Arabuni. Juu ya njia uliyopitia mkuyu wataalamu bado hawajakubaliana naye.

Hapa ndipo palipo na mtego ambao wengi wa zama zake walinaswa. Ukikuta kaburini yungiyungi, zabibu na makomamanga, ni rahisi kutangaza kwamba Misri ya mafarao ilikuwa nchi ya mvua. Si kweli. Bustani za wafalme zilinyweshwa kwa maji ya Nili, na Nili huletewa maji na mvua za nchi za mbali. Maua ya makaburini yanaeleza bustani, mashamba na biashara, wala hayaelezi moja kwa moja hali ya anga. Thamani ya Schweinfurth ni kwamba alijua mimea hai ya jangwa na ya bonde kuliko mtu yeyote wa wakati wake, na kwa hiyo aliweza kutenganisha kilichopandwa, kilicholetwa na kilichoota chenyewe. Na pale alipolinganisha majani ya miaka 3,000 na mimea aliyoikausha mwenyewe, mara nyingi hakuona tofauti. Bonde la Nili, kwa kadiri mimea ilivyoonyesha, lilikuwa na sura yake ya leo tangu wakati wa wafalme wale.

Jangwa lenyewe lilihitaji mashahidi wengine. Waliokuja baada yake walichimbua mkaa wa meko za kale katikati ya Sahara, chavua zilizozama matopeni mwa maziwa yaliyokauka, na mbegu zilizobaki mapangoni. Mkaa wa migunga na miti mingine ya nyika ulionekana mahali ambapo leo ni mchanga mtupu, mamia ya kilomita kaskazini mwa mpaka wa sasa wa miti hiyo. Kutokana na ushahidi huo inajulikana kwamba kuanzia takriban miaka 11,000 hadi 5,000 iliyopita Sahara ilikuwa na majani, maziwa na wafugaji. Bwawa la Wadi Garawi lilijengwa nchi hiyo ya mvua ilipokuwa imekwisha kukauka, ikiwa imebakiwa na mafuriko ya ghafla.

Miaka ya Berlin

Mwaka 1888 yeye na mwanajiografia Friedrich Ratzel walichapisha barua za Emin Pasha, gavana wa Ikweta aliyekuwa amekatiwa njia na vita vya Mahdi na kufanya makao yake Wadelai, kaskazini mwa Uganda ya leo. Mwaka uliofuata Schweinfurth alirudi kuishi Berlin, ingawa hakuacha kusafiri. Kati ya mwaka 1891 na 1894 alikwenda Eritrea mara tatu. Alikuwa pia miongoni mwa wataalamu waliomhimiza Aaron Aaronsohn kuitafuta ngano ya mwitu, ambayo kijana huyo aliikuta Palestina mwaka 1906. Alipofariki akiwa na umri wa miaka 88, alizikwa ndani ya bustani ya mimea ya Dahlem, mjini Berlin, na kaburi lake lipo humo bado.

Jirani na kaburi hilo moto ulimfuata mara ya pili. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya vita yaliangukia jumba la makumbusho ya mimea la Dahlem, na sehemu kubwa ya mimea mikavu ya jumba hilo, mojawapo ya mikusanyo mikuu ya dunia, ikateketea. Kilichookoa sehemu ya kazi ya Schweinfurth ni desturi yake ya kugawa. Nakala za mimea yake zilikuwa Cairo, na nyingine alikuwa amezipeleka kwa wenzake katika miji mbalimbali ya Ulaya.

Moja ya nakala hizo ni jani la tikiti maji kutoka kaburi la kale la Misri, ambalo alimpelekea Joseph Hooker katika bustani ya Kew, Uingereza. Lilikaa humo zaidi ya karne moja. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba wamefaulu kusoma vinasaba vyake. Jani hilo, lenye umri wa takriban miaka 3,500, lilitoka katika tikiti lililokwisha kufugwa na wakulima, lisilo chungu na lenye nyama nyekundu kama matikiti ya sokoni leo. Mbegu za miaka takriban 6,000 zilizopatikana Uan Muhuggiag, katika Sahara ya Libya, zilionyesha jambo tofauti: tunda lake lilikuwa chungu, na yaelekea watu wa nyika ile walilitafuta kwa ajili ya kokwa zake. Na walipotafuta jamaa wa karibu zaidi wa tikiti la shambani miongoni mwa matikiti ya mwitu, walimkuta Sudan, katika tikiti la Kordofan lenye nyama nyeupe isiyo chungu.

Kordofan na Darfur zimo vitani tangu Aprili 2023. Mwezi Desemba mwaka huo mji wa Wad Medani, ilipo benki ya taifa ya mbegu za Sudan, ulitwaliwa na wapiganaji, na benki hiyo ikaporwa. Wafanyakazi wake waliokoa walichoweza, na mwezi Februari 2025 shehena ya mbegu za Sudan, mtama ukiwamo, iliingizwa katika ghala la barafuni la Svalbard, nchini Norway.